Mafuta ya nazi hayakingi jua

Haipiti wiki bila mteja kuniuliza, "Dada, nimpake mtoto mafuta gani ya asili jua lisimchome?" Kabla sijafungua mdomo, keshajijibu mwenyewe: ya nazi, au ya karoti, maana "hayana kemikali". Kuna mengi yanayosemwa vibaya kuhusu mafuta ya kupaka, lakini naanza na hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu.

Dhana: Nazi au karoti inatosha kukinga jua

Haitoshi. Wanaobisha hunitajia namba za SPF, yaani kiwango cha kukinga jua: nazi ina SPF 7, mzeituni 7 na nusu. Namba hizo zimo kwenye kipimo kilichochapishwa mwaka 2010. Mafuta yaliyeyushwa kwenye alkoholi, yakatiwa kwenye kichupa cha mashine, yakapigwa mwanga. Hapakuwa na ngozi, hapakuwa na jasho, wala kanga ya kuyafuta begani. Kipimo chenyewe kiliishia kwenye mwanga wenye wimbi la urefu wa nanomita 320, kwa hiyo miale ya jua iitwayo UVA, inayoanzia hapo hadi 400, haikuguswa. Tena hata tukiipokea hiyo 7 kama ilivyo, karibu asilimia 14 ya UVB, miale inayounguza ngozi, inapenya. Kwa SPF 30 inapenya kama asilimia 3. Sasa mtoe mtoto na jua la Dodoma la saa saba mchana.

Ya karoti ndiyo yananichosha zaidi. Rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, na beta-karotini hufyonza hasa mwanga wa buluu, si UVB. Watu wanaona rangi nzito wanadhani wamepata kinga.

Kwa mwenye ngozi nyeusi, kosa hili humwachia madoa usoni yasiyokwisha, hasa kama anatumia mkorogo. Kwa mtoto mwenye ualbino, mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ngozi. Ukimwinamia mtoto wa namna hiyo utaona ncha ya sikio imekakamaa na kufanya magamba, mdomo wa chini umepasuka, ngozi ya kisogoni imekunjamana kama ya mzee, na kote huko kunang'aa mafuta. Mama yake amempaka vizuri kila asubuhi, hakuzembea hata siku moja. Amedanganywa tu, na wanaomdanganya wanaendelea kuuza.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinatengeneza Kilisun, mafuta maalumu ya jua kwa watu wenye ualbino. Waulizeni wahudumu wa kliniki ya ngozi iliyo karibu nanyi namna ya kuyapata. Mpakeni mtoto kabla hajatoka, kwa wingi, na masikio msiyasahau. Akiwa nje, rudieni kila baada ya saa mbili. Mikono mirefu, kofia pana. Kepu naikataa kabisa, kwa sababu inaacha wazi masikio na shingo, palepale ugonjwa unapoanzia.

Nazi ina kazi yake, nayo ni nywele. Utafiti wa India wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupunguza upotevu wa protini ya nywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakuweza. Paka kabla ya kuosha.

Dhana: Cha asili hakina kemikali, kwa hiyo hakidhuru

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Hiyo ni kemikali. Maji ni kemikali. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu ni ya asili kabisa, na yana furokumarini: yapake, toka juani, ngozi itaungua na kubaki na mabaka meusi kwa wiki kadhaa.

Dhana: Mzeituni ndiyo mafuta bora ya mtoto mchanga

Najua heshima ya mzeituni kwenye dini, siigusi. Ila kwa ngozi, asidi yake ya oleiki hulegeza ukuta wa nje. Jaribio la mwaka 2013 kwa watu wazima lilionyesha hivyo, huku mafuta ya alizeti yakiuacha ukuta huo salama. Alizeti ya Singida ni rahisi, na mimi ndiyo ninayoipendekeza. Mpake ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, kwa sababu mafuta hayana maji ya kuipa. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke.

Siagi ya kakao kuzuia michirizi ya mimba? Wajawazito wa Lebanon walijaribishwa, matokeo yakatoka mwaka 2008: waliopaka na waliopaka losheni tupu hawakutofautiana. Nyonyo kuotesha nyusi? Inazing'arisha tu. Na mafuta ya mgando, ambayo watu wanayaita uchafu wa petroli, yakisafishwa kwa kiwango cha vipodozi huzuia maji kutoka kwenye ngozi kuliko mafuta yoyote ya mmea ninayouza. Kisigino kilichopasuka kipake hayo usiku, uvae soksi.

Wengine huniambia mafuta ya asili hayaharibiki. Yanaharibika, na alizeti huwahi kuliko nazi. Nunua chupa ndogo, ya rangi nyeusi, ifunge vizuri, iweke mbali na dirisha. Yakianza kunuka kama karanga zilizooza, usimpake mtu.