En, et na kitu kilipo: Kidenmaki kwa anayeanza

Aliyekua na ngeli za Kiswahili asitishwe na jinsia mbili za Kidenmaki. Kuna nomino za en na nomino za et (vijineno vinavyokaa mbele ya nomino), basi. Takriban robo tatu ni za en, ila umbo la neno mara nyingi halikwambii lolote: stol (kiti) ni en, bord (meza) ni et. Kwa hiyo daftarini andika "et bord", si "bord" tupu. Maneno mengine hubadili maana kabisa: et øre ni sikio, en øre ni sehemu moja ya mia ya krone, fedha ya Denmaki.

Kitu kikishajulikana, en au et huhamia mwishoni mwa neno: stolen, bordet. Wengi huteleza kivumishi kinapoingia. Kwanza, nomino ya et hudai t: en stor stol, lakini et stort bord. Pili, kitu kinachojulikana kikipewa sifa, mkia hukatwa na den au det hukaa mbele: den store stol, det store bord. "Den store stolen" ni Kinorwe safi, kwa Kidenmaki ni kosa.

Kuhusu mahali, tumezoea kusema "kiko" na kumaliza. Mdenmaki huuliza kimekaaje. Kitabu kilicholazwa mezani: bogen ligger på bordet. Kikisimamishwa rafuni: bogen står på reolen. Taa inaning'inia (hænger), ufunguo umekaa kwenye kufuli (sidder i låsen). Sahani nayo husimama, står, ingawa ni bapa, kwa sababu imekalia kitako chake. Hata miji hulala: København ligger på Sjælland (Kopenhagen iko kisiwani Sjælland). Ukisema er ("ni" au "-ko") kila mahali utaeleweka, ila utasikika mgeni.

Hapa Kiswahili kinakubeba. "Kiti kiko dirishani" ni stolen står ved vinduet, maana kiti tunakijua. "Dirishani pana kiti" ni der står en stol ved vinduet, maana kiti ni habari mpya. Unapohisi "pana", anza na der, na nomino ibaki na en au et yake mbele.

Kinapokuangusha ni "nyumbani". Sisi tunakwenda nyumbani na tuko nyumbani, neno lile lile. Wao hugawa: jeg går hjem ni kwenda, jeg er hjemme ni kuwepo. Ndivyo ilivyo pia kwa ud na ude (nje), ind na inde (ndani), op na oppe (juu), ned na nede (chini). Safari haina e ya mwisho, kutulia kunayo.

Kati ya i (ndani ya) na på (juu ya), kariri tu: i banken, lakini på biblioteket. Nchi na miji huchukua i, visiwa vyao kwa kawaida på: i Danmark, i Odense, på Fyn, på Bornholm.