Ultrasaundi ya kisigino na mifupa baada ya hedhi kukoma

Wanawake wengi waliofikia ukomo wa hedhi huamini kwamba ultrasaundi ya kisigino inatosha kujua hali ya mifupa yote. Si ajabu: kipimo ni cha dakika chache, hakina mionzi, na majibu hutoka papo hapo.

Kisigino hupakwa jeli, kikabanwa katikati ya vipande viwili vya mashine. Mawimbi ya sauti hupita upande mmoja hadi wa pili, na mashine huangalia yamepita kwa kasi gani na yamepungua nguvu kiasi gani. Haipimi madini ya mfupa moja kwa moja. Majibu husaidia kukadiria hatari ya kuvunjika mfupa (si jambo dogo hilo), ila udhaifu wa mifupa huthibitishwa kwa DEXA, yaani eksirei ya dozi ndogo sana ya nyonga na uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Kiwango cha alama T (namba inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) cha -2.5 kushuka chini, kinachoonyesha udhaifu huo, kiliwekwa kwa kipimo hicho cha DEXA. Kwenye karatasi ya kisigino namba hiyo hiyo haisomwi vivyo hivyo.

Kwa hiyo tazama karatasi yako: sehemu gani ya mwili ilipimwa, na kwa mashine gani? Ikiwa ni kisigino tu, muulize daktari kuhusu DEXA, hata kama majibu ni mazuri, hasa ikiwa umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au umetumia vidonge vya steroidi kwa miezi mingi.