Je, wajua kwa nini mafuta ya mbegu hayawi dizeli bila salfa?

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala hahitaji kuelezwa salfa ni nini. Ndiyo ule unga wa njano unaopulizwa mikorosho inapochanua, kuzuia ubwiri unga usimalize maua. Jambo asiloambiwa ni kwamba salfa hiyohiyo, ikiwa imeungana na metali, ndiyo inayofanya kazi ndani ya mitambo mingi mikubwa inayogeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli. Salfa ikipungua mle ndani, mtambo huanza kuzubaa. Kwa nini?

Kwanza tujibu swali linalotangulia hilo: kuna haja gani ya kuyageuza mafuta hayo, wakati injini ya dizeli inaweza kuyachoma hivyohivyo? Katika Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikaenda vizuri. Lakini mafuta ya kula ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli za injini za leo, zenye matundu membamba mno, hushindwa kuyapuliza yakawa ukungu. Yanatoka kama matone, hayaungui yote, na mabaki yake hugeuka masizi magumu kwenye ncha ya nozeli. Fundi akiifungua injini iliyolishwa mafuta ya alizeti kwa muda mrefu huyaona wazi.

Chanzo cha tatizo ni umbo la molekuli. Mafuta ya ufuta, karanga, nazi au alizeti yote yamejengwa kwa namna moja: minyororo mitatu mirefu ya kaboni, imefungwa pamoja kwenye kipande kifupi cha gliseroli. Mahali inapofungwa ndipo ilipojificha oksijeni. Katika kila kilo 100 za mafuta ya aina hii, kilo 11 hivi au zaidi ni oksijeni. Dizeli ya kisimani haina oksijeni ya kutajika. Ni minyororo ya kaboni na haidrojeni basi.

Njia rahisi ya kuyapunguza uzito ni kuyachanganya na methanoli na soda kali kidogo kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Minyororo inaachana na gliseroli, unapata baiodizeli. Ni njia nzuri, hata karakana ya shule inaiweza, ila oksijeni inabaki mlemle. Kwa hiyo baiodizeli huharibika ikikaa sana na huvuta maji, na kwa kawaida huchanganywa na dizeli ya kawaida badala ya kutumika peke yake.

Dizeli mbadala, ninayoizungumzia hapa, hutengenezwa kwa kuing'oa oksijeni yote. Mafuta hupitishwa pamoja na haidrojeni kwenye joto la nyuzi 300 hadi 400, kwa mgandamizo unaofikia makumi ya mara ya ule wa hewa tunayovuta. Oksijeni inatoka ikiwa maji, au inaondoka na kaboni moja ikiwa kabonidioksidi au kabonimonoksidi. Kipande cha gliseroli hugeuka propani, ambayo ni sehemu ya gesi ya mtungi tunayopikia. Kinachobaki ni minyororo mitupu, na hiyo ni dizeli kamili: katika kila kilo 100 za mafuta unapata kilo 80 hadi 86. Kampuni ya Neste ya Finland ilianza kuizalisha kwa wingi mwaka 2007 huko Porvoo.

Lakini haidrojeni peke yake haiwezi kazi hiyo. Molekuli yake ni atomi mbili zilizoshikana sana, na bila kitu cha kuzitenganisha zitapita tu pembeni ya mafuta. Hapo ndipo kinapohitajika kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa.

Kichocheo kinachotumika sana ni metali iitwayo molibdeni iliyoungana na salfa, ikaongezwa nikeli kidogo. Fundi gari anaifahamu molibdeni salfaidi bila kuijua kwa jina: ndiyo inayotiwa kwenye ile grisi nyeusi ya maungio ya ekseli za magurudumu ya mbele. Inateleza kwa sababu imejengwa kwa tabaka nyembamba sana, zimepandana kama mikeka, kila moja ikisogea juu ya mwenzake. Juu ya mkeka hapatokei kitu, kwa kuwa salfa imefunika kila mahali. Kazi hufanyika ukingoni. Huko baadhi ya atomi za salfa hutoka na kuacha nafasi, molibdeni ikabaki wazi. Oksijeni ya mafuta huja kushika pale palipo wazi. Haidrojeni hupasuka kuwa atomi mbili na kukaa juu ya salfa za jirani, kisha inahamia kwenye mafuta na kuikata oksijeni. Maji yanatoka, nafasi inabaki wazi tena, molekuli nyingine inaingia. Nikeli hukaa ukingoni humohumo na kurahisisha salfa kutoka, ndiyo maana kidogo tu kinaongeza kasi sana.

Vichocheo hivi awali vilitengenezwa ili kuondoa salfa kwenye mafuta ya kisimani. Mafuta hayo yana salfa yake, kwa hiyo kichocheo hakikosi. Mafuta ya ufuta au nazi karibu hayana salfa kabisa. Na yanapopita, maji yanayozaliwa huinyonya salfa ya ukingoni polepole na kuweka oksijeni mahali pake. Wiki zikipita, kichocheo kinadhoofika. Basi wahandisi hutia kwa makusudi kiasi kidogo cha kemikali yenye salfa kwenye mafuta yanayoingia. Mimi naliona hili kuwa jambo la kustaajabisha kuliko yote katika habari hii, maana nikeli tupu na platinamu, vichocheo vingine mashuhuri, huuawa na salfa hata ikiwa chembe chache.

Kuna sumu nyingine ambazo hata kichocheo hiki hakizivumilii. Mafuta yaliyokamuliwa tu yana utomvu wenye fosforasi, pamoja na kalsiamu, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye mbegu. Hivi vikiingia huziba vitundu vya punje za alumina zinazobeba kichocheo, na havitoki tena. Kwa hiyo mafuta huoshwa kwanza, na wenye mitambo hutumia fedha nyingi hapo kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna baridi. Msomaji wa Lindi atauliza baridi gani. Mnyororo ulionyooka wenye kaboni 18, unaopatikana kwa wingi kutoka mafuta ya ufuta, huganda kwenye nyuzi 28. Asubuhi ya Julai pwani ya Mtwara ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo dizeli ingegeuka kama mshumaa ndani ya tangi. Mtambo wa pili hutumia platinamu kuipinda minyororo, iote matawi, isiweze kupangana na kuganda.

Haidrojeni nayo inahitaji chanzo. Kilo 100 za mafuta hula kilo 3 na zaidi kidogo. Nyingi duniani hutengenezwa kutokana na gesi asilia na mvuke, kwa kichocheo cha nikeli. Gesi ya Mnazi Bay, inayosafishwa Madimba, sehemu yake kubwa kabisa ni methani, malighafi inayofaa. Ila kila kilo ya haidrojeni iliyopatikana hivyo huacha kilo kadhaa za kabonidioksidi, na anayeiita dizeli hiyo safi lazima azihesabu.

Sasa mafuta gani? Kwa maoni yangu si ufuta. Inahitajika kilo mbili za ufuta kupata kilo moja ya mafuta, na mafuta hayo ni chakula na ni fedha ya mkulima wa Lindi. Wala si karanga: mpango wa Waingereza wa kulima karanga uliofika Nachingwea, ulioanza 1947, uliachwa 1951, na karanga zile zilikusudiwa kuwa siagi ya mkate, si moto wa injini.

Ningeangalia maganda ya korosho kwanza. Yana mafuta makali yanayobabua mikono ya wabanguaji, hayaliwi, na bado korosho nyingi husafirishwa ghafi, maganda yakaenda nazo ng'ambo. Kila molekuli yake ina mnyororo wa kaboni 15, urefu unaofaa dizeli. Ugumu ni kwamba mwisho wa mnyororo pana pete ya kaboni sita, na oksijeni imeshika kwenye pete, mahali panapong'ang'ania kuliko gliseroli. Mara nyingi kichocheo huijaza pete haidrojeni kwanza, kisha huitoa oksijeni, kwa hiyo haidrojeni huliwa zaidi. Tena mafuta haya yakipashwa moto mno huungana yenyewe kuwa gundi, sifa inayoyafanya yanunuliwe na watengenezaji wa pedi za breki, lakini inayoziba kichocheo. Anayetaka kuyajaribu atalazimika kuyapasha moto wa kiasi kwanza yaachie kabonidioksidi yake, ayaoshe, kisha ayatie kidogokidogo ndani ya mafuta mepesi zaidi.