Somatropini: ya kiwandani, lakini ni homoni ileile

Mzazi akiandikiwa mtoto wake somatropini, hakosi mshauri wa kumtisha: "Hizo homoni za kutengenezwa zitamharibu, tafuta za asili." Kauli hii imezoeleka mno, na imepinduka.

Somatropini ni homoni ya ukuaji inayotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mtoto ambaye tezi yake ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haitoi ya kutosha. Huchomwa chini ya ngozi, kwa kawaida kila jioni, kwa miaka. Basi.

Sasa hiyo "asili". Homoni ya ukuaji ya ng'ombe au nguruwe haifanyi kazi kwa binadamu (insulini yao ilifanya, ndiyo maana wagonjwa wa kisukari walipata nafuu mapema). Kwa hiyo kuanzia 1958 chanzo kilikuwa kimoja tu: tezi za maiti. Zilikusanywa kwa maelfu, zikachanganywa pamoja na kukamuliwa. Mwaka 1985 ikabainika kwamba vijana waliotibiwa hivyo utotoni walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaotafuna ubongo na hauna tiba. Maiti wachache wenye ugonjwa huo walitosha kuchafua dawa ya wengi. Ufaransa pekee ilizika zaidi ya 100, baadhi yao miaka mingi baada ya sindano ya mwisho. Marekani na Uingereza zilisitisha dawa hiyo mwaka huohuo.

Oktoba 1985 Marekani ikaidhinisha Protropin ya kampuni ya Genentech, iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Hiyo, kusema kweli, ilitofautiana kidogo na ya mwilini: ilikuwa na asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) 192, moja zaidi. Somatropini iliyofuata ina 191, kwa mpangilio uleule wa homoni yako na yangu. Hakuna maiti anayehusika.

Madhara yapo: kuumwa kichwa, sukari kupanda, matatizo ya nyonga. Ndiyo sababu daktari humfuatilia mtoto. Lakini hayatokani na dawa kuzaliwa kiwandani. Homoni ni homoni.

Mwenye wasiwasi angeuliza mengine: je, vipimo vimeonyesha upungufu wa homoni, au ni ufupi wa kurithi, au udumavu wa lishe duni? Na mifupa bado haijafunga, yaani sehemu zake za kukua bado zipo wazi? Ikishafunga, sindano hairefushi mtu. Ama unga wa "asili" wa kunywa, unaotajwa kuwa mbadala wa sindano, hata ungekuwa na homoni yenyewe, homoni hiyo ni protini. Tumbo lingeimeng'enya kama maharage.