Waya umepotea, picha bado zipo
Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Goma, ujumbe huu haukomi kuzunguka: kamera ya dijitali ya zamani ikikosa waya wake wa kuiunganisha na kompyuta, itupe, picha zimekufa. Si kweli. Fungua kale kamlango ka pembeni. Ukikuta kadi ya CompactFlash (kadi ndogo ya kuhifadhi picha), itoe, itie kwenye kisoma kadi cha USB kilichochomekwa kwenye kompyuta, picha zitaonekana kama faili za kawaida. Sony Mavica ya 1997 ilitumia hata disketi!

Watu wanachanganya na kamera kama Apple QuickTake 100 ya 1994: picha 8 tu za ubora wa juu, zote kwenye kumbukumbu ya ndani, zikitolewa kwa waya wa siriali (aina ya zamani ya waya wa kompyuta) na programu maalumu. Hiyo kweli inadai waya. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze. Fungua kamlango kwanza.