Kwa nini kadi hupasuka mahali pa mkunjo?

Mtu akiikunja karatasi ya manila katikati ili atengeneze kadi ya pongezi, mara nyingine mkunjo hutoka laini na ulionyooka, na mara nyingine hupasuka, rangi ikabanduka na nyuzi nyeupe zikachomoza kama pamba. Je, wajua kwamba mikunjo hiyo miwili inaweza kupatikana katika karatasi moja?

Kwa muda mrefu, nikitengeneza kadi na visanduku vya zawadi hapa Kisumu, niliamini kwamba kosa ni la ubora wa manila. Nilinunua ya bei ya juu zaidi, nikabadilisha kisu, nikaukandamiza mkunjo kwa ukingo wa rula, hata nikaulaumu unyevu wa ziwani. Siku moja nilichukua kipande kilichokuwa kimepasuka nilipokikunja kwa upana, nikakikunja kwa urefu, na mkunjo ukatoka safi. Karatasi mbovu ingepasuka pande zote mbili. Kukandamiza kwa nguvu, tiba ambayo wengi wetu huikimbilia, kwa kweli huzidisha ufa.

Sababu ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikamana, na tangu Louis-Nicolas Robert alipopata hataza ya mashine yake nchini Ufaransa mwaka 1799, viwanda vimekuwa vikimwaga rojo la nyuzi hizo juu ya wavu unaokwenda mbele bila kusimama. Humo nyuzi nyingi hujilaza kwa kufuata mwendo, mithili ya magogo yanayobebwa na mafuriko ya mto Nzoia, ambayo hugeuka yakafuata mkondo.

Sasa fikiria mkeka wa mafunjo, kama yale yanayoota Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Ukiukunja sambamba na mabua, mkunjo hupita kati ya bua na bua, na hakuna linaloumia. Ukiukunja kwa kuyakingama, kila bua lililo njiani halina budi kuvunjika. Manila ni mkeka huo huo, ila mabua yake ni madogo mno kuonekana kwa macho. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297 na upana wa milimita 210, na mara nyingi, ingawa si kila mara, nyuzi zake hufuata urefu. Hivyo mkunjo unaotujia wa kwanza, ule wa kuigawa nusu kwa nusu, ndio unaozikata nyuzi.

Kwa kuwa si kila karatasi hufuata desturi hiyo, ni vyema kuipima. Kata kipande cha mraba na ulowanishe upande mmoja. Uzi ukinywa maji hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo kipande hujiviringa mfano wa bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi. Jambo hilo hilo ndilo hupinda mfuniko wa kisanduku uliopakwa gundi ya maji upande mmoja tu.

Karatasi ya mkono iliyotengenezwa kwa gugumaji la ziwani hutofautiana. Rojo lake huchotwa kwa fremu ya wavu na kutikiswa huku na huku, nyuzi zikalala kila upande, kwa hiyo kwa kawaida hukunjika karibu sawa kotekote, ijapokuwa mengi hutegemea mkono wa mchotaji.

Kwa manila ya kiwandani, kata kadi kutoka karatasi kubwa ili nyuzi ziende sambamba na mkunjo. Isipowezekana, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula hadi ufanyike mfereji mdogo, kisha ukunje kuelekea upande wa pili, mfereji ubaki nje na kituta chake kiingie ndani ya kadi.