Kuchunga kondoo pembeni mwa Nairobi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kuchunga ni kazi ya aliyekosa kazi."
Dhana hii imeumiza uchungaji kuliko zote. Mchungaji hodari hafungui boma kabla ya umande kukauka, maana mabuu ya minyoo hupanda majani yakiwa yamelowa. Huhamisha kundi kabla nyasi hazijaliwa hadi chini, kwa kuwa mabuu mengi hukaa kwenye sentimita 5 za karibu na udongo. Akimshuku kondoo, humfunua kope la chini: pakiwa pekundu ni mzima, pakiwa peupe minyoo inamnyonya damu na anahitaji dawa siku hiyo hiyo. Wenye kope jekundu waachwe. Ukilinywesha kundi zima dawa kila mara, minyoo huizoea na siku ya shida haitafanya kazi.

Kisha kuna hesabu ya mimba, takriban siku 150. Wamasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande ovyo. Ngozi ikivuliwa katikati ya Novemba, wanakondoo huanza kuzaliwa katikati ya Aprili, nyasi za mvua ndefu zikiwa zimechipua na mama ana maziwa. Dume akiachwa huru mwaka mzima, wengine watazaa kiangazi na utazika watoto.

"Dopa ni bora kuliko kondoo mwekundu wa Kimasai."
Dopa, uzao wa Afrika Kusini, ni mzito na hukua haraka. Ila palipo na minyoo mingi au ukame, yule mwekundu hustahimili zaidi. Kupandisha madume ya Dopa bila kubakiza majike wekundu halisi ni kupoteza kinga hiyo.

"Uchungaji unafifia kwa uvivu wa vijana."
Si kweli, na ni kuwaonea. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwapeleka watoto darasani, jambo jema. Kilichoua malisho ni ardhi: ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, ziligawanywa vipande vipande. Pale Kitengela kundi sasa hupita kati ya seng'enge, nyumba na lami.

"Kondoo mzima kutoka kaskazini atabaki mzima Nairobi."
Upo ugonjwa wa virusi wa kondoo wenye jina la mji huu, uliotambuliwa hapa mwaka 1910. Huenezwa na kupe wa sikio wa kahawia, yuleyule aletaye ndigana kali kwa ng'ombe. Kondoo wa huku hukutana na virusi wangali wachanga, wakilindwa na maziwa ya kwanza ya mama. Mgeni kutoka nchi kavu isiyo na kupe hao hana kinga, na wengi hufa.

Mnyunyizie dawa ya kupe siku anayofika, ukikagua ndani ya masikio, na urudie kama kibandiko cha dawa kinavyoelekeza. Pima joto kila asubuhi kwa wiki mbili. Likipita nyuzi 41, kisha akahara majimaji yenye damu au jike akatupa mimba, mwite daktari wa mifugo. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Kumzuia kupe ndiyo kinga.